Macho yako ni mazima, mbovu ni ile darubini

Najua niliahidi kuendelea na ile habari ya hifadhidata, lakini leo mnivumilie. Naiweka tarakilishi kando niseme juu ya kifaa kingine ambacho kimenifunza mengi kuhusu kazi yangu kuliko vitabu kadhaa vya uprogramu: darubini ya kutazamia nyota.

Nianze kwa kukiri. Mwaka 2021 mpwa wangu, binti wa dada yangu, alitimiza miaka kumi na mmoja. Alikuwa na maswali ya sayari mpaka watu wazima wakawa wanamkimbia. Nikaingia duka moja katikati ya jiji la Nairobi nikamnunulia darubini ya shilingi 9,000. Sanduku lilikuwa na picha ya Zohali yenye rangi zote na nambari kubwa nyekundu: 525x. Yaani inakuza vitu mara 525. Mimi, ambaye kila siku huwacheka wanaochagua simu kwa kuhesabu megapikseli, niliisoma nambari hiyo nikatoa pesa.

Usiku wa kwanza hatukuona kitu. Usiku wa pili tuliona kitu cheupe kikitetemeka kama yai kwenye kikaango, kisha kikakimbia. Usiku wa tatu mtoto alitoa jicho kwenye lenzi akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mjomba, labda macho yangu ni mabaya. Wewe unaona?"

Nikamwambia naona. Nilidanganya. Sikuwa nikiona chochote.

Kesho yake darubini iliingia chini ya kitanda, na maswali ya sayari yakaisha.

Maoni yangu basi ni haya, nayasema bila kuzunguka: darubini mbovu ni mbaya kuliko kukosa darubini kabisa. Asiyekuwa nayo hubaki na hamu yake. Mwenye mbovu hufunzwa kwamba mbingu hazina kitu, au kwamba yeye mwenyewe ndiye mwenye kasoro. Mtoto wa miaka kumi na mmoja akishajiambia kwamba sayansi si yake, nani atamrudisha?

Sisi tunaoandika programu tunaujua ugonjwa huu. Mama anabonyeza kitufe kisichoeleweka, programu inagoma, naye anasema, "Mimi haya mambo ya kompyuta siyawezi." La, mama. Sisi ndio tuliokiweka kitufe mahali pabaya. Hata hapa, kabla ya kumlaumu mtazamaji tukitazame kwanza kifaa.

Ile 525 ilitoka wapi?

Hesabu yake ni nyepesi. Kila darubini ina urefu wa fokasi, na kila lenzi ya jicho, yaani ile ndogo unayochungulia, ina wake. Gawanya wa kwanza kwa wa pili upate ukuzaji. Darubini yetu ilikuwa ya milimita 700. Ukiweka lenzi ya jicho ya milimita 20, 700 gawanya kwa 20 ni 35. Ukiweka ya milimita 4 unapata 175. Sandukuni mlikuwa pia na kibomba cha plastiki cha kuzidisha mara tatu. 175 mara tatu ni 525. Kwa hiyo hawakusema uongo. Walipiga hesabu iliyo sahihi ya jambo lisilowezekana.

Kwa nini haliwezekani? Kwa sababu darubini kazi yake ya kwanza ni kukusanya mwanga, kukuza kunafuata. Kanuni ya mkono ni kwamba ukuzaji usizidi mara mbili ya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Yetu ilikuwa na kipenyo cha milimita 60, kwa hiyo mwisho wake ni 120, tena usiku hewa ikiwa imetulia. Ukipita hapo unatandaza mwanga uleule kidogo mahali pakubwa zaidi, kama uji wa kikombe kimoja uliotiwa maji ugawiwe wageni kumi.

Halafu kuna mzunguko wa dunia. Anga inatupita kwa nyuzi 15 kila saa. Kwa ukuzaji wa 525, kipande cha anga unachokiona ni chembamba kiasi kwamba sayari inakivuka kwa kama sekunde 20. Ongeza miguu mitatu ya bati inayotikisika ukiigusa tu, na sasa unajua lile yai la kikaangoni lilitoka wapi. Lilikuwa Mshtarii.

Kijitabu kilichoandikiwa watu wengine

Wengi wakishaungua hivyo hupanda daraja na kununua darubini yenye kiegemeo cha kiikweta, ile yenye uzito wa chuma upande mmoja na mhimili uliolala mshazari. Jina linavutia. Sisi si ndio watu wa ikweta? Basi hii si yetu?

Si yetu! Nami huona kichekesho kikubwa humo. Kiegemeo hicho hufanya kazi pale mhimili wake unapolala sambamba na mhimili wa dunia. Mtu wa London huuinua nyuzi 51, akaulenga kwenye Nyota ya Kaskazini, mambo yakaisha. Nairobi tuko nyuzi 1 na dakika 17 kusini. Mhimili wetu unatakiwa ulale karibu sawa na sakafu, uelekee kusini kabisa, kwenye ncha ya anga iliyo nyuzi moja tu juu ya upeo, yaani nyuma ya ukuta wa jirani. Huko hakuna nyota angavu ya kulengea. Na ile Nyota ya Kaskazini ambayo kijitabu kinaitaja kila ukurasa iko chini ya upeo wetu. Viegemeo vingi vya wanaoanza havikutengenezwa kushuka hivyo, na ukivilazimisha, ule uzito unagonga miguu na bomba linakosa mizani.

Nimemwona jamaa mmoja, mhandisi wa kweli, akipambana na mtambo huo wikendi mbili nzima huku akijilaumu. Ni yaleyale ya mpwa wangu, tofauti ni ndevu tu.

Linalouma ni kwamba ikweta ni neema kwa mambo ya anga. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza kabisa iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Siku hiyo Kenya ilikuwa inasherehekea miaka saba ya uhuru, nayo ikapewa jina Uhuru. Jukwaa liliwekwa pale kwa kuwa karibu na ikweta mzunguko wa dunia wenyewe huongezea roketi mwendo. Na kwa sisi watazamaji wa barazani, mwaka ukizunguka tunaziona karibu nyota zote, za kaskazini na za kusini. Mwezi wa Mei, mwendo wa saa tatu usiku, simama nje: upande mmoja Dubu Mkubwa, upande wa pili Msalaba wa Kusini. Mtu wa London ataishi na kufa bila kuuona huo Msalaba akiwa kwao.

Ya kununua ni ipi basi?

Ushauri wangu kwa anayeanza: nunua darubini ya kioo ya aina ya Dobson, ndogo ya kuweka mezani, kipenyo cha milimita 114 au 130. Haina mhimili wa mshazari. Inazunguka kushoto na kulia, inapanda na kushuka, basi. Na hapa kwetu nyota huchomoza wima na kuzama wima, kwa hiyo kitu kikiwa mashariki au magharibi unasukuma bomba upande mmoja tu, juu au chini. Ugumu uko utosini: kitu kikiwa juu ya kichwa kabisa, kukilenga ni taabu. Dawa yake ni kunywa chai kwa saa moja, kitashuka chenyewe.

Umbo hilo lilienezwa na John Dobson, aliyekuwa mtawa huko San Francisco. Alitumia mbao, mabomba ya kadibodi na vioo vya madirisha ya meli, akawa anasimama kando ya barabara na kuwaita wapita njia waje watazame. Hakudai hataza. Mwaka 1968 yeye na wenzake walianzisha kikundi cha wanajimu wa barabarani, na alipofariki mwaka 2014 akiwa na miaka 98, umbo lake lilikuwa limeenea dunia nzima. Wapenzi wa programu huria mtanielewa nikisema mzee yule alikuwa mwenzetu. Mbao za kiegemeo chake, fundi yeyote wa jua kali anaweza kuzikata.

Kipenyo cha milimita 130 kinakusanya mwanga zaidi ya mara nne ya kile cha 60. Urefu wa fokasi huwa kama milimita 650, hivyo lenzi ya 25 inakupa ukuzaji wa 26 na ya 10 inakupa 65. Nambari ndogo, sivyo? Kwa 26 Mwezi mzima unaingia na nafasi inabaki. Kwa 65 pete za Zohali unaziona bila kubahatisha.

Kama pesa hazifiki hapo, usishuke kwenye ile ya 525. Nunua binokula ya 7x50 au 10x50. Egemeza viwiko ukutani na utauona Mwezi, miezi ya Mshtarii ikiwa vitone, na Kilimia, ambacho ndani ya binokula kinapendeza kuliko ndani ya darubini kubwa. Wazee wetu wa pwani walikitazama Kilimia kwa macho matupu wakajua wakati wa kulima: kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Hawakuhitaji 525.

Najua swali lenu. Mtu wa programu, mbona husifii zile zenye mota na tarakilishi ndani, zinazojitafutia nyota? Kwa sababu bajeti ya anayeanza ni ile ile, na kila shilingi inayoenda kwenye mota imetoka kwenye kioo. Tena nyingi hutaka kwanza uzielekeze kwenye nyota mbili unazozijua kwa jina. Kama ungezijua, ungekuwa unaanza? Zile zinazotumia kamera ya simu kukuonyesha pa kusukuma, hizo nazikubali, kwani hazina mota na kioo kinabaki kizuri. Na programu ya Stellarium ni huria, haina malipo, na ukishaiweka kwenye tarakilishi haihitaji mtandao. Weka mahali ulipo, weka saa, itakuonyesha anga yako ya leo. Hapo ndipo utarakilishi unapofaa.

Kuiandaa, kwa ufupi

Moja, panga kilengeo mchana. Elekeza darubini kwenye kitu cha mbali, kwa mfano mlingoti wa simu au tangi la maji la mtaa wa pili, mbali na upande wa jua. Kikishaingia katikati ya lenzi, rekebisha skrubu za kilengeo mpaka nacho kionyeshe pale pale. Hatua hii ya dakika tano ndiyo wengi huiruka, kisha usiku mzima wanatafuta Mwezi.

Mbili, tafuta msingi mgumu. Mimi naiweka juu ya stuli fupi ya mbao, juu ya paa la ploti kati ya kamba za nguo. Kreti ya soda nilijaribu, inatikisika.

Tatu, itoe nje nusu saa kabla. Kioo chenye joto la nyumbani huchemsha picha.

Nne, anza na lenzi yenye nambari kubwa, ya 25, kila mara. Ukishakiweka kitu katikati ndipo ubadilishe.

Tano, usifute kioo na shati. Vumbi kidogo halizuii kitu, mkwaruzo haufutiki. Ukimaliza, funika.

Kisha anza na Mwezi, lakini usiwe mpevu. Mwezi mpevu hauna vivuli, ni kama uso uliopigwa tochi. Utazame ukiwa nusu, pale giza na mwanga vinapokutana, uone milima ikitupa vivuli vyake. Halafu Mshtarii: chora nukta nne zilizo kando yake, rudi kesho, chora tena. Zimehama. Galileo alifanya zoezi hilohilo Januari 1610, na ule mpangilio wa dunia kuwa katikati ya vyote ukaanza kuyumba. Januari na Februari, mvua za vuli zikishapita, tafuta wingu la Orioni. Mei na Juni mtafute Alfa Centauri, nyota moja inayopasuka kuwa mbili mbele ya macho yako. Usitarajie rangi za picha za sandukuni. Wingu la Orioni ni ukungu wa kijivu. Lakini ni mwanga wenyewe, umesafiri zaidi ya miaka elfu moja ukaja kuishia kwenye jicho lako.

Jua halina mzaha

Ndani ya sanduku letu mlikuwa na kioo kidogo cheusi cha kufunga kwenye lenzi ya jicho, kimeandikwa kwamba ni cha kutazamia jua. Nilikuja kukijaribu peke yangu, bila jicho, nikiwa nimeshika karatasi nyuma yake. Baada ya dakika chache kilipasuka katikati, tap, na karatasi ikaanza kutoa moshi. Nilikaa chini. Nilikuwa nimempa mtoto wa dada yangu kitu hicho kwa mikono yangu.

Kichujio cha jua hufungwa mbele ya darubini, kabla mwanga haujakusanywa, na hutengenezwa kwa kazi hiyo. Cha nyuma kivunje leo, usimpe hata jirani. Nasema mapema kwa sababu tarehe 2 Agosti 2027 kutakuwa na kupatwa kwa jua. Kivuli kamili kitapita Misri na Saudia, nasi Kenya tutaona jua likiliwa sehemu. Watu watatoa darubini chini ya vitanda. Angalieni watoto, wasisahau pia kufunika kile kilengeo.

Usiku wa stima kupotea

Mwaka 2023 nilipata darubini ya kioo ya milimita 130, ya mkono wa pili. Mpwa wangu alikuwa na miaka kumi na mitatu na hakutaka kuisikia. "Mjomba, hizo vitu hazifanyi," akanijibu, na kiburi cha darasa la nane.

Usiku wa tarehe 25 Agosti stima ikapotea karibu nchi nzima. Yeye na dada yangu walikuwa wamekuja kwangu. Hakuna runinga, simu zimebaki na chaji kidogo. Nikapanda juu ya paa, naye akanifuata kwa kukosa la kufanya. Mawingu ya Agosti mnayajua, lakini yalipasuka kwa kama nusu saa. Zohali ilikuwa juu upande wa mashariki. Nikaiweka katikati, nikabadilisha lenzi, nikanyamaza.

Alichungulia. Akatoa jicho. Akazunguka mbele ya bomba akachungulia ndani, akaificha anga yote kwa kichwa chake. Alidhani nimebandika picha.

Alitazama tena, safari hii muda mrefu, mpaka ikatoka kwenye lenzi nikamwonyesha jinsi ya kusukuma bomba aifuate. Kisha nikamwambia ukweli wa mwaka 2021: kwamba siku ile hata mimi sikuona kitu, na macho yake yalikuwa mazima tangu mwanzo.

Alinitazama kwa hasira ya kweli. "Kwa nini hukusema?"

Sikuwa na jibu zuri, na sinalo hadi leo. Niliona haya kukiri kwamba nimedanganywa na nambari ya sandukuni, nikamwacha mtoto abebe kosa langu miaka miwili. Ndiyo maana nimeandika haya yote. Kama una moja ya hizo chini ya kitanda, mwite uliyemnunulia, mwambie wazi kwamba kifaa ndicho kilichoshindwa. Kisha chomoa kile kibomba cha kuzidisha, weka lenzi ya milimita 20, egemeza miguu yake kwa mawe, mtazame Mwezi ukiwa nusu. Hata ile ya 9,000 kwa ukuzaji wa 35 inauonyesha vizuri. Tumejaribu.

Haya, wiki ijayo turudi kwenye hifadhidata.